Jumba la Mbogani na Majirani Zake

Mbuni una masharti yake. Ukipandwa juu mno, baridi ya usiku inachelewesha tunda, ukame ukija unaumaliza mti, na mkulima anaishia kuvuna majani. Karen Blixen na mumewe Bror waliyajua masharti hayo wakiwa wamekwisha kuchelewa. Shamba lao lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, penye upepo mkali na mvua isiyotabirika. Lilikuwa na takriban ekari 6,000, na 600 kati ya hizo zilipandwa kahawa. Nzige walipita, kiwanda cha kahawa kikaungua, bei ikaporomoka katika mdororo wa uchumi wa dunia, na muda wote huo jamaa zao wa Denmark waliendelea kutia fedha pasipo kuona faida ya maana. Mwaka 1931 shamba likauzwa.

Kahawa ilikwenda, nyumba ikabaki. Leo inaitwa Makumbusho ya Karen Blixen, iko katika mtaa wa Karen, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, na pengine ndilo jumba la walowezi linalojulikana kuliko yote nchini Kenya. Kufika si kazi. Matatu namba 24 kutoka katikati ya jiji inapitia upande huo. Ukipanda 111 ya Ngong, unashuka kwenye maduka ya Karen na kumalizia safari kwa bodaboda. Mwenyeji hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni kutoka nje, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike nyumbani.

Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren, na akina Blixen wakaihamia mwaka 1917. Jina lake la enzi hizo lilikuwa Mbogani. Ni nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, yenye kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae na baraza pana. Vyumba vimepangwa kwa mapana, kimoja ubavuni mwa kingine. Wengi wanaoingia getini wakiwa na picha ya ikulu vichwani hushangaa kidogo, kwani baadhi ya majumba ya matajiri yaliyojificha nyuma ya michongoma ya Karen leo yanaizidi kwa ukubwa. Fahari yake iko kwenye mandhari. Simama bustanini siku isiyo na mawingu, uangalie upande wa Ngong, na utaelewa kwa nini mtu ang'ang'anie kiwanja kinachomfilisi.

Ndani, kuta za baadhi ya vyumba zimefunikwa kwa mbao, na zinakifanya chumba cha kulia kiwe na giza la kupendeza hata saa sita mchana. Kuna vitabu, vyombo vya mezani, ngozi za wanyama, vitanda na picha za wenye nyumba. Hapa mgeni mwerevu ana swali moja la kumuuliza mwongozaji mbele ya kila kitu: hiki ni chake, au ni cha filamu?

Swali hilo si la utani. Mwaka 1985 ilitoka filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack, Meryl Streep akiwa Karen na Robert Redford akiwa mpenzi wake, Denys Finch Hatton. Ilipata tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Upigaji wake ulipokwisha, kampuni ya filamu iliiachia makumbusho baadhi ya vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa hiyo katika chumba kimoja utakuta kitu kilichotumiwa na mwenye nyumba mwenyewe kikiwa kando ya kitu kilichoguswa na waigizaji tu. Waongozaji hawafichi, mradi uulize.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba nyumba inayoonekana kwenye filamu si hii. Wapigaji picha walitumia nyumba ya Mbagathi, ambako akina Blixen waliishi kwanza kabla ya kuhamia Mbogani. Watalii wanasimama barazani wakisema wanaikumbuka, na mwongozaji anatabasamu. Hata Farah, msimamizi wa nyumba ya Karen, kwenye filamu aliigizwa na Malick Bowens, mzaliwa wa Mali, ilhali Farah Aden mwenyewe alikuwa Msomali.

Huyo Farah anastahili kusimuliwa kidogo. Karen, binti wa ukoo wa Dinesen kutoka Rungsted, Denmark, alikuja kwa meli kuolewa na binamu yake wa Kiswidi, Bror von Blixen-Finecke. Farah alitumwa kumpokea Aden, kabla meli haijafika Mombasa. Ndoa ilifungwa Mombasa Januari 1914. Tangu hapo Farah ndiye aliyeendesha nyumba: fedha za matumizi, watumishi, wageni, hata kuamua nani aonane na bibi na nani angoje. Wazungu wa shamba na Wasomali, Wakikuyu na Wamasai waliokuwa wakiingia na kutoka walielewana zaidi kwa Kiswahili, na Karen alijifunza lugha hiyo mapema. Ndoa ilivunjika, talaka ikatoka mwaka 1925, na Karen akabaki kusimamia shamba peke yake. Farah alikuwa naye hadi siku ya kuondoka.

Ukitoka nje nyuma ya nyumba, usirudi garini. Jiko liko huko, katika jengo lake peke yake, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba za walowezi: moshi na harufu ya vitunguu vilitakiwa kukaa mbali na sebule. Ndani yake mna jiko la chuma la Dover la kuni, lile zito lenye matundu juu na mlango wa tanuri ubavuni, pamoja na vyombo vya kupikia vya wakati huo. Chumba ni kidogo na joto lake la siku za karamu si gumu kulikisia.

Hapo ndipo alipofanyia kazi Kamante Gatura. Kamante alikuwa mtoto wa Kikuyu wa maskwota wa shambani, mchunga mbuzi mwenye vidonda vibaya miguuni. Karen, aliyekuwa akitibu wagonjwa mlangoni mwake kila asubuhi, alishindwa na vidonda vile na akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti. Kamante akarudi amepona, akaingizwa jikoni, na baada ya muda akawa mpishi mkuu. Novemba 1928, Mwana wa Mfalme wa Uingereza, yule ambaye baadaye angekuwa Mfalme Edward wa Nane kisha akauacha ufalme, alikuja kula chakula cha jioni Mbogani. Aliyepika ni Kamante. Alikuwa hajui kusoma; mapishi yote ya Kizungu aliyahifadhi kichwani. Miaka mingi baadaye alitoa kumbukumbu zake mwenyewe, na zikachapishwa mwaka 1975 katika kitabu kilichoandaliwa na mpigapicha Mmarekani, Peter Beard. Kwa hiyo habari za nyumba hii zina angalau mashahidi wawili, mmoja wa sebuleni na mmoja wa jikoni. Wageni wengi wamemsoma wa kwanza tu.

Kitabu cha shahidi wa sebuleni, yaani Karen, ndicho Out of Africa chenyewe, na kilitoka mwaka 1937, miaka sita baada ya yeye kurudi kwao. Alikiandika Kiingereza na Kidenmark, na kwa wasomaji wa Marekani alitumia jina la Isak Dinesen. Ndicho kilichompa umaarufu uliomfikisha hadi kwenye noti ya krona 50 ya Denmark. Kina kurasa nzuri sana juu ya mvua, vilima na ukimya wa nyanda za juu. Kina pia mambo yaliyowaudhi Waafrika wengi. Ngũgĩ wa Thiong'o alikishambulia waziwazi, na insha yake juu ya mpishi na mbwa wa Karen Blixen imo katika mkusanyiko aliouchapisha mwaka 1993. Hoja yake ni kwamba mapenzi ya mwandishi kwa watu wake yanafanana mno na mapenzi ya mtu kwa wanyama anaowafuga. Ni hoja nzito, na mtu akishaisikia hawezi kutembea tena katika vyumba hivi kama aliyeingia duka la fenicha za kale.

Ili kuipima hoja hiyo, inafaa kujua shamba liliendeshwaje. Katika zile ekari 6,000, karibu 1,000 zilikuwa makazi ya maskwota, familia za Kikuyu zilizolima vishamba vyao na kufuga mbuzi wao hapo hapo. Malipo ya kukaa yalikuwa jasho. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1918 ilitaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba si chini ya siku 180 kwa mwaka. Sheria nyingine, ya mwaka 1915, ilikuwa imeruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Weka namba hizo mbili pamoja, 180 na 999, na hali ya Kenya ya miaka hiyo inajieleza. Wazazi wa baadhi ya maskwota hao walikuwepo kabla ya mhandisi wa Kiswidi kupima msingi wa nyumba yake.

Wapo wanaomtetea Karen, na wana la kusema. Shamba lilipouzwa, mnunuzi alitaka maskwota waondoke, na serikali ilikuwa tayari kuwatawanya. Yeye alizunguka ofisi hadi ofisi akitaka wapewe ardhi mahali pamoja, wasitenganishwe, na mwishowe wakagawiwa sehemu ya msitu wa akiba wa Dagoretti. Hakuna mlowezi aliyelazimika kufanya hivyo. Lakini kitabu chake chenyewe kina kisa kingine anachokikiri bila kujipamba. Chifu Kinanjui, aliyekuwa mkuu wa Wakikuyu machoni pa serikali, alipokuwa mahututi mwaka 1929, alimwita na kumwomba ampeleke Mbogani ili afie huko badala ya hospitali ya misheni. Karen alikataa. Aliogopa lawama. Kinanjui alipelekwa hospitali na kufia huko. Mwongozaji akikisimulia kisa hiki mbele ya chumba cha wageni, kundi lote hunyamaza kidogo, kisha mtu huuliza kama vyoo viko upande gani.

Nje kabisa, kwenye kijia kinachoelekea mitini, zimewekwa mashine za shamba, ikiwemo ya kukaushia kahawa. Zina kutu, na watoto wa shule huzipenda kuliko vyumba vya ndani kwa sababu zinaweza kuguswa. Ni sehemu ambayo wengi huipita mbio, na si haki. Bila mashine hizo nyumba ingefikiriwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya mapenzi na mazungumzo ya jioni.

Baada ya Karen kuondoka, mnunuzi, Remi Martin, aliikata ardhi katika viwanja vya ekari 20, na hapo ndipo ulipochipuka mtaa wa Karen kama tunavyoujua, wenye nyua ndefu na miti mingi. Nyumba yenyewe ilinunuliwa mwaka 1935 na afisa mstaafu wa jeshi la Uingereza aliyekaa humo hadi alipofariki mwaka 1954. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, ikawa sehemu ya chuo cha lishe. Filamu ndiyo iliyoamsha hamu ya watu kuiona. Mwaka 1986 ikafunguliwa rasmi kama makumbusho, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Saa moja na nusu inatosha kwa nyumba na bustani. Kosa la wageni wengi ni kudhani siku imekwisha hapo. Umbali mfupi kutoka makumbusho kuna karakana ya Kazuri, iliyoanza mwaka 1975 kwa wanawake wachache kutengeneza shanga za udongo, na leo imeajiri mamia, wengi wao akina mama wanaolea watoto peke yao. Iko katika ardhi iliyokuwa ya shamba lile lile. Unaweza kuona udongo ukifinyangwa, ukichomwa na kupakwa rangi, na hakuna anayekulazimisha kununua.

Kisha kuna Ngong. Vilima vyenyewe vinafika mita 2,460 kwenye kilele cha juu, na njia ya kutembea juu ya mgongo wake ni maarufu kwa vijana wa Nairobi siku za Jumamosi. Mwanzoni mwake inazunguka mitambo mikubwa ya upepo ya kampuni ya umeme ya KenGen. Upepo ule ule uliowatesa wenye mibuni sasa unazalisha umeme. Juu huko baridi ni kali asubuhi, na anayepanda na fulana nyepesi hujuta mapema. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, na kwa sehemu za mbali ni busara kuchukua askari wa misitu au kutembea kwa kundi.

Kwenye mteremko unaotazama Nairobi ndipo alipozikwa Finch Hatton. Alikuwa mwindaji na mwongozaji wa matajiri kwenye safari za porini, mtoto wa ukoo wa kifahari wa Uingereza. Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth ilianguka mara tu baada ya kuruka Voi, ikawaka moto. Karen alichagua mahali pa kaburi, na ndugu wa marehemu wakasimamisha nguzo ya mawe yenye ncha. Filamu inamwonyesha Finch Hatton tu. Ndegeni alikuwamo pia mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, aliyekufa katika ajali hiyo hiyo. Kaburi liko katika eneo la watu binafsi, na wenyeji wa Ngong hukuelekeza ukiuliza kwa adabu.

Mwenye gari na siku nzima mkononi ashuke barabara ya Magadi upande wa pili wa vilima. Baada ya Kiserian na Corner Baridi, barabara inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa, na jasho linaanza kutoka ndani ya nusu saa. Takriban kilomita 70 kutoka Nairobi ndipo ilipo Olorgesailie, eneo la kale ambalo Louis na Mary Leakey walianza kulichimba miaka ya 1940, wakisaidiwa na mateka wa vita wa Kitaliano. Hapo mashoka ya mawe yametapakaa kwa mamia, mengine yakiwa na umri unaokaribia miaka milioni moja. Hayakukusanywa yote na kupelekwa mjini. Mengi yameachwa chini pale pale yalipopatikana, na mgeni huyaangalia akiwa juu ya ulalo wa mbao. Baada ya asubuhi nzima ya kuangalia sahani za akina Blixen, zenye umri wa miaka mia moja hivi, mawe haya yanaubomoa kabisa ule utaratibu wa kuita kitu "cha kale". Beba maji ya kutosha, kofia, na mafuta ya gari, kwani njiani vituo ni vichache.

Lakini kama ni lazima uchague sehemu moja tu baada ya Mbogani, chaguo bora halimo katika orodha za watalii. Ni Thogoto, upande wa Kikuyu, kupitia Dagoretti. Waskoti walifungua misheni hapo mwaka 1898, na hospitali waliyoijenga inaendelea kutibu watu hadi leo. Kanisa lao la mawe, maarufu kwa jina la Church of the Torch, lilikamilika mwaka 1933 na bado linasaliwa kila Jumapili. Huko ndiko Kamante alikotibiwa miguu. Huko ndiko pia mvulana mwingine wa Kikuyu aliyeitwa Kamau wa Ngengi alikofika mwaka 1909, akatibiwa, akafundishwa kusoma na useremala, na kubatizwa mwaka 1914, mwaka ule ule Karen aliposhuka melini Mombasa. Baadaye alijiita Jomo Kenyatta, na Denmark ilipotoa ile zawadi ya nyumba mwaka 1964, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa serikali iliyoipokea.

Hakuna tikiti Thogoto. Ukifika siku ya kazi, omba ruhusa ofisini kabla ya kuingia kanisani au kupiga picha, na ukikuta mzee wa kanisa ana nafasi, mwombe akuonyeshe majengo ya mwanzo ya misheni. Siku ya Jumapili vaa ya kwendea ibadani, ukae nyuma, na usubiri ibada imalizike. Kurudi jijini si tatizo: matatu za Kikuyu zinapita hadi jioni.